Pikipiki ya Mama Urvish Haikuibwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo kidogo cha polisi, Gerezani, Dar es Salaam
Kosa linalochunguzwa: Wizi wa pikipiki ya magurudumu manne
Tarehe: Jumapili, 14 Septemba 2025, jioni
Jina: Fortunata Leodegar Kimaro
Umri: Miaka 46
Kabila: Mchaga
Dini: Mkristo
Kazi: Mfanyabiashara wa vipuri vya pikipiki
Makazi: Ilala

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimeelezwa kwamba nikidanganya naweza kushtakiwa, na nimeelewa. Afande ameniuliza mara mbili kwa nini gauni langu limejaa mchanga. Nitafika hapo.

Nina duka la vipuri hapa Gerezani, jirani na uzio wa reli. Mume wangu, Rogath, ana kirikuu, kigari cha kubebea mizigo ya wateja. Mlango wa pili kutoka dukani kwangu ni karakana ya Augustino, fundi pikipiki, ambaye mnamshikilia tangu alasiri ya leo. Najua kilichomleta hapa. Juu ya meza yake ilikutwa silinda, ekzosi na rejeta ya pikipiki ya familia ya Mzee Bhupendra, na pikipiki yenyewe haikuonekana. Mtu anayeijua Gerezani akiona vyuma vimetapakaa hivyo anawaza jambo moja tu, kwamba chombo kimechinjwa na kuuzwa vipande vipande. Simlaumu aliyewaza hivyo. Lakini nilikuwepo vyuma hivyo vilipofunguliwa, na naweza kueleza kila kimoja kilitolewa kwa sababu gani.

Mzee Bhupendra na mke wake, Bi Jashoda, wanakaa Kisutu, ghorofani, pamoja na mtoto wao Urvish na mkwe wao Zarna. Kwa miaka mingi wazee hao walikuwa na duka la vitambaa Kariakoo. Vitambaa vya kipaimara cha watoto wangu wote nilinunua kwao. Mimi humwita Bi Jashoda Mama Urvish, naye huniita Mama Beni, kwa jina la mwanangu wa kwanza, Benedict.

Wazee hao walikuwa na starehe moja. Kila Jumapili walipakia pikipiki yao ya magurudumu manne, ya Kijapani, yenye injini ya tustroki, ile inayochanganyiwa oili na petroli, wakaenda nayo kusini mwa Kigamboni. Huko kuna shamba la minazi la rafiki yao, Mzee Bushiri, na nyuma ya shamba upo mlima wa mchanga. Waliupanda kwa zamu, mmoja akiendesha na mwenzake akikaa nyuma. Watu walidhani mpenda kasi ni mzee. Mpenda kasi alikuwa mama.

Mwaka jana Mzee Bhupendra alianguka kwenye ngazi za nyumbani, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, ukaenda vizuri, ila sasa anatembea kwa kushikilia fremu. Tangu siku hiyo Urvish aliifungia pikipiki stoo, akachukua ufunguo na kusema anatafuta mnunuzi. Urvish ni kijana mwema, na nasema hivyo nikijua yupo nje ya mlango huu ananisikia. Baba yake akikohoa, yeye anampigia daktari. Mzee hakubishana naye. Aliacha tu kuzungumza mambo ya Jumapili. Mama Urvish aliniambia kwamba ikifika siku hiyo mume wake alikuwa analala mchana kutwa, mtu ambaye hakuwahi kulala mchana.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane mwaka huu, asubuhi, Mama Urvish alishuka kwenye bajaji mbele ya duka langu, peke yake, kavaa sari ya kijani na raba. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema alichofuata kabla hata sijampa kiti.

"Mama Beni, nataka injini ya kupanda mchanga na watu wawili."

Nilimuuliza nani ataendesha. Akasema ataendesha yeye, na Bhupendra atakaa nyuma. Alishamuuliza daktari, na daktari alisema mzee anaweza kukaa kwenye chombo kama mgongo wake una pa kuegemea, mradi asikanyage wala asiruke. Nikamuuliza kama Urvish anajua. Alisema Urvish atajua siku atakapowaona wameshuka salama. Nilisita kidogo, nakiri. Halafu nikamtazama zile raba, nikaenda kumwita Augustino.

Siku mbili baadaye, Urvish akiwa dukani kwake, tuliifuata pikipiki Kisutu. Mama Urvish alikuwa na ufunguo wa pili. Augustino na Rogath ndio walioipakia kwenye kirikuu. Swaumu, dada wa kazi wa nyumba ile, aliwaona, kwa hiyo aliposema leo kwamba fundi Augustino ndiye aliyeitoa pikipiki alisema kweli. Asichokijua ni kwamba mwenye pikipiki alikuwa amekaa mbele, kwenye kirikuu, kajifunika kichwa kwa mtandio.

Sasa kuhusu vyuma. Augustino ni fundi hodari, na kama mafundi wote hodari anapenda mlio. Siku ya kwanza alimpangia mama injini ya mashindano. Alitaka silinda ichongwe milango yake ya hewa iwe mipana, kichwa cha injini kibane hewa na mafuta zaidi, na ifungwe ekzosi nene ya mashindano ambayo kwa kweli ilikuwepo dukani kwangu. Alisema injini ikishachangamka itaruka kama swala. Mama Urvish alimsikiliza hadi mwisho, mikono kaiweka juu ya pochi.

"Na kabla haijachangamka, mwanangu?"

Augustino alikubali kwamba kabla ya hapo, kwenye mzunguko wa chini, itakuwa imelegea kidogo.

"Basi mimi mchanga utanikamata hapo hapo."

Augustino alicheka, akafuta mikono kwa tambara na kuanza upya. Kuanzia hapo tulichagua watatu. Ekzosi ya mashindano niliirudisha mimi mwenyewe juu ya rafu. Tukachukua nyembamba zaidi, ambayo nguvu yake inakuja mapema na inakaa katikati, pale ambapo mtu mwenye mzigo nyuma anaihitaji. Ya zamani ilikuwa imejaa masizi na ina tundu. Ndiyo mliyoiona mezani.

Silinda tuliifungua tukidhani tutaisafisha tu. Tukakuta pistoni imechanika ubavuni na ukuta wa silinda una mikwaruzo ya mchanga uliopita kwenye chujio bovu. Ingepanda mlima ule mara moja na kunoki, yaani injini kufa kabisa. Tulipata silinda nyingine nzima, tukaikwangua ipokee pistoni mpya kubwa kidogo. Ile yenye mikwaruzo ndiyo mliyoiona mezani.

Kwenye kichwa cha injini mimi na Augustino tuligombana. Yeye bado alitaka kibane zaidi. Mimi nilikataa, kwa sababu mchangani injini inafanya kazi ya punda na haipati upepo wa kuipoza, na tustroki ikipata joto haikupi onyo, inakwama tu. Tulipandishiana sauti mpaka wachukuzi wa mikokoteni wakasimama kutusikiliza. Mama Urvish alituacha, akanunua kahawa na kashata kwa muuza kahawa anayepita, akatugawia, kisha akauliza swali moja, ipi kati ya hizo mbili itamrudisha mume wake chini. Augustino alikunywa kahawa yake yote kwanza. Akasema, "Ya Mama Beni." Kichwa kikabaki kama kilivyokuwa, na tukaongeza rejeta kubwa zaidi ya kupoza maji. Ile ndogo nayo ndiyo mliyoiona mezani.

Mengine hayakuleta ugomvi. Tulibadilisha vile vibati vyembamba vinavyofungua na kufunga njia ya hewa, mafundi wanaviita ridi, ili injini iitike haraka mtu akivuta mafuta. Kabureta tuliipa mafuta mengi kidogo, isikauke. Sproketi ya mbele, gurudumu la meno linalovuta mnyororo, tuliipunguza jino moja, chombo kipoteze kasi kipate nguvu. Chujio la hewa tuliweka jipya la sponji, lililopakwa oili, na juu yake tukalivisha soksi ya kuzuia vumbi. Nyuma zikafungwa tairi za mchanga, zenye mabapa kama makasia. Mwisho Augustino alichomelea kiegemeo cha mgongo, akakipa mto, na akafunga mkanda wa gari. Mkanda huo hakuuomba mtu. Aliuwaza mwenyewe, na aliujaribu kwa kujifunga yeye na kuniamuru nimtikise.

Siku tulipoiwasha mara ya kwanza, moshi wa buluu ulitanda hadi barabarani na mafundi wa mtaa mzima wakatoka. Injini ya tustroki ina sauti ya nyuki waliokasirika. Hii ilikuwa na sauti ya nyuki walioshiba. Mama Urvish aliipaka tangi alama nyekundu ya baraka, kama desturi yao, akapasua nazi mbele ya gurudumu. Nazi ile tuliila wote, na Augustino, ambaye ni mwanakwaya, alisema na yeye ameiombea kwa upande wake.

Leo, Urvish na Zarna walikuwa Arusha kwenye harusi, na walitarajiwa kurudi kesho. Urvish alipopiga simu asubuhi, mama yake alimwambia watashinda kwa rafiki, jambo ambalo si uongo. Mnamo saa mbili asubuhi Rogath alitangulia na kirikuu, pikipiki ikiwa imefunikwa turubai. Mimi niliwafuata wazee Kisutu kwa gari langu dogo. Augustino hakwenda, alikuwa na zamu ya kuimba misa ya pili.

Mzee Bhupendra hakuambiwa lolote zaidi ya kwamba tunakwenda kumwona Mzee Bushiri. Alikaa nyuma na mke wake, akitazama dirishani. Tulipokaribia Daraja la Kigamboni tulimkuta Rogath mbele yetu, na upepo wa darajani ulinyanyua kona ya turubai. Mzee aliona mkono wa usukani. Niliona kwenye kioo jinsi alivyonyooka. Tulipomaliza daraja ndipo alipouliza.

"Jashoda, umeifanya nini?"

"Nimeitengeneza."

"Mtoto anajua?"

"Mtoto yuko Arusha."

Mzee aligeukia tena dirisha, ila safari hii alikuwa anatazama mbele, kwenye kirikuu, na mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa mke wake mpaka tulipofika.

Mzee Bushiri alitupokea kwa madafu. Mama Urvish alivaa suruali chini ya sari, akapandisha pindo na kulikaza, akavaa helmeti. Kwanza aliupanda mlima peke yake, kujaribu. Ulimpokea bila shida. Akashuka, akatuambia tumpakie mzee. Mimi na Rogath tulimwinua, tukamkalisha, tukamfunga mkanda, tukamvalisha helmeti. Mzee Bushiri alisema wapo kama maharusi.

Walipofika katikati ya mlima, injini ilishuka sauti ghafla. Tairi za nyuma zikaanza kuchimba. Mama alikuwa ameachia mafuta. Pikipiki ilizama hadi ekseli, ikasimama imeinama kidogo upande. Nilikimbia kuliko nilivyokimbia tangu niache shule. Nilifika nikiwa natambaa, na hapo ndipo gauni lilipopata mchanga huu. Nilidhani nitakuta mzee anaumwa. Nilimkuta ametulia, kashika kiegemeo, na mama analia ndani ya helmeti. Alisema alimsikia mume wake akiguna kwenye tuta, akahofia nyonga. Alisema turudi, imetosha.

Mzee Bhupendra aliongea naye kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tusikie.

"Umenionea huruma ndiyo maana tumezama. Kila mtu ananionea huruma, Jashoda. Wewe vuta mafuta."

Rogath alianza kuchimba mchanga kwa mikono, na Mzee Bushiri akaleta makuti tukayalaza chini ya tairi. Tulipunguza upepo wa tairi za nyuma. Niligusa rejeta kwa wasiwasi, sikukuta joto la kutisha. Tukaisukuma, ikajivuta taratibu, ikashuka hadi chini kwenye mchanga mgumu.

Mama Urvish aligeuza. Alikaa pale injini ikiwaka, akipumua. Kisha akavuta mafuta, na hakuyaachia tena. Niliisikia ekzosi ile niliyoichagua ikishika katikati kabisa, pale pale tulipoitaka, na mabapa ya tairi yakirusha mchanga nyuma kama watu wanapepeta. Kwenye tuta waliruka kidogo. Mzee aliguna, nilimsikia. Sauti ya injini haikubadilika. Mzee Bushiri alianza kuhesabu tasbihi kwa vidole, na mimi nikawa nasema Salamu Maria, na hakumaliza hata mmoja wetu. Walikuwa juu.

Kutoka chini tuliwaona wamesimamisha, wawili, wadogo. Mzee alivua helmeti. Halafu akacheka. Sijui mama alimwambia nini kwa Kigujarati, lakini alicheka kicheko kirefu ambacho upepo ulikileta chote hadi kwetu, na Rogath, ambaye si mtu wa machozi, akaenda kukagua kirikuu ambacho hakikuwa na tatizo. Walipanda mara nne. Mara ya mwisho mzee alikuwa anampiga mama mgongoni kwa kiganja, aongeze.

Shambani kwa Mzee Bushiri mtandao haushiki. Tulipofika darajani wakati wa kurudi, simu yangu ilianza kulia mfululizo. Augustino alikuwa amenitafuta tangu saa tisa. Urvish na Zarna walikuwa wamepata ndege ya mapema, wakakuta stoo tupu, Swaumu akawaeleza alichokiona, na karakana ikakutwa wazi kwa kuwa Augustino alirudi kutoka misa kusafisha meza yake. Augustino hakumweleza Urvish kwa nini vyuma viko pale. Nilipomuuliza sasa hivi kupitia dirishani sababu, alisema mama alimwomba isijulikane mpaka mzee ashuke salama, na yeye alikuwa hajui kama wameshashuka. Kwa hiyo alinyamaza na kukubali kuja huku.

Tulikuja moja kwa moja. Urvish alikuwa kaunta. Alimwona baba yake anashuka kwenye gari na fremu yake, nywele zimejaa mchanga. Alitaka kusema, mama yake akamtangulia.

"Pikipiki ni yangu na fundi ni wangu. Mtoe kwanza. Kunigombeza tutafanya nyumbani."

Urvish alimkaribia baba yake akaanza kumpangusa mchanga begani, polepole, kama anatafuta palipovunjika. Mzee aliuacha mkono ule ufanye kazi yake. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ana njaa. Zarna alianza kucheka, akaziba mdomo. Urvish aliketi kwenye benchi, akafunika uso. Sikuweza kujua kama analia au anacheka. Nadhani alikuwa anafanya yote mawili.

Naomba Augustino aachiwe. Hajala tangu asubuhi, na Mama Urvish amemletea thepla, zile chapati zao za viungo, na achari, ziko kwenye kibakuli pale kaunta. Pikipiki ipo kwenye kirikuu nje, mnaweza kuilinganisha na vyuma vile kimoja kimoja.

Nimesomewa maelezo yangu yote nikayasikia. Nimesahihisha mahali pamoja, palipoandikwa kwamba Mama Urvish "alibebwa" hadi juu ya mlima. Hakubebwa, aliendesha. Zaidi ya hapo, hivi ndivyo ilivyokuwa, na hapa chini naweka sahihi yangu.

(Sahihi) Fortunata L. Kimaro

MAELEZO YA ASKARI: Mimi, WP Koplo Shadya, nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa. Nimetoka nje na kukikagua chombo; kipo kizima, na vipuri vilivyokutwa karakana ni vile vilivyobadilishwa kama ilivyoelezwa. Bi Jashoda amethibitisha kwamba chombo ni mali yake na kwamba alimpa fundi kazi hiyo mwenyewe. Mlalamikaji, Urvish, ameondoa malalamiko yake. Fundi Augustino ameachiwa mbele yangu. Mlalamikaji alimwomba radhi kwa kumshika mikono yote miwili. Fundi alimjibu kuwa hana kinyongo, ila pikipiki irudishwe kwake kesho, kwa sababu injini mpya ikishapata joto mara ya kwanza lazima nati za kichwa zikazwe tena. Mlalamikaji alisema ataileta yeye mwenyewe, kisha akamuuliza mama yake Jumapili ijayo wanaondoka saa ngapi. Bi Jashoda alimjibu kuwa wanaondoka saa mbili, na kwamba pikipiki ina nafasi mbili tu, kwa hiyo mlalamikaji ataupanda mlima kwa miguu. Napendekeza jalada lifungwe.

(Sahihi) WP Koplo Shadya